Honi Tatu kwenye Makaburi ya Kambi

Helmeti ilikataa kuingia. Mjukuu wangu akasukuma, nami nikasukuma, mwisho akasema, "Bibi, vua kilemba." Nikamwambia kilemba hiki hata babu yake alikuwa anabisha hodi kwanza. Akacheka mpaka akaegemea tangi la pikipiki. Basi nikakivua, nikakikunja, nikakitia kifuani, na kichwa changu chote cha mvi kikazama ndani ya ile ndoo.

"Haya panda. Usikae upande. Tanua miguu."

"Mke mwenzangu, mara ya mwisho kutanua miguu hivi nilikuwa namzaa mjomba wako."

"Basi jifungue upesi, watu wanasubiri stesheni."

Ilikuwa Jumamosi asubuhi hapa Kilosa, mwezi wa sita, mahindi yamekauka shambani yanasubiri kuvunwa. Huyo binti ni mtoto wa marehemu binti yangu. Nimemlea tangu ana meno mawili. Nitamsifu, na asiyetaka kusikia bibi akimsifu mjukuu wake aache kusoma hapahapa. Alipoanza kupakia abiria, vijana wa kijiwe cha sokoni walimuuliza kama sketi haitanasa kwenye cheni. Mwaka wa kwanza walimcheka. Mwaka wa pili wakaanza kumpelekea pikipiki zao azisikilize, maana anaweza kusimama kando ya injini, akafumba macho, akakuambia inaumwa wapi.

Pikipiki yenyewe si yake. Ni ya mjomba wake, mwanangu mimi, mwenye duka la spea Mikumi. Na hapo ndipo penye shida. Mjukuu wangu aliwaandikia watu fulani wa Dar na Morogoro, watu wazima wenye kazi zao, ambao Jumamosi na Jumapili wanatoka kwa kundi na mapikipiki makubwa kwenda kutazama miji ya zamani. Akawaambia njooni Kilosa, nitawaongoza siku mbili, tumalizie Mikumi. Wakajibu watakuja mara moja kujaribu. Wakipenda, atakuwa kiongozi wao na watawaleta wenzao. Mjomba wake akasema sawa, safari hii moja tu. Wakisema hawarudi, Jumapili hiyohiyo anamkabidhi ufunguo pale Mikumi, anaingia dukani kuuza spea, na pikipiki inapewa mtu wa kubeba mkaa.

Mtoto mwenye masikio yale akae kaunta kuuza plagi! Nilikosa usingizi.

Mimi niliingiaje? Alikuwa ameisoma historia ya Kilosa kwenye simu. Akanisomea jikoni huku napepeta mchele: Wajerumani walifanya hivi, Waingereza wakafanya vile, reli ikafika, mkonge ukapandwa.

"Ulipandwa na nani?" nikauliza.

Akatazama simu. "Haijasema."

"Basi hiyo simu yako haijui kitu. Ulipandwa na baba yangu."

Nimeishia darasa la nne, lakini nimezaliwa kambini, kwenye mashamba ya mkonge upande wa Kimamba. Baba yangu ni Mnyamwezi. Alishuka kwenye treni kutoka Tabora na mkeka na sufuria moja, akisema anakuja kukata mkonge miaka miwili, arudi. Hakurudi. Mama akamfuata, naye hakurudi. Wote wawili wamelala kwenye makaburi ya kambi. Kwa hiyo nikamwambia mjukuu wangu, kwenye safari hiyo mimi nakaa nyuma yako, nao watasikia mkonge ulipandwa na nani.

Tuliwakuta stesheni ya zamani, kumi na wawili, mapikipiki yamenona kama ndama wa maonyesho. Wote helmeti kichwani. Mmoja akanipungia mkono. Mwingine akasema "Mambo, bibi!" na sauti ikatoka kama iko kisimani.

"Vueni hizo," nikawaambia. "Mimi siamkiwi na ndoo."

Wakavua, wakatazamana kama watoto wa shule, kisha wakaniamkia pamoja, "Shikamoo bibi!" Nikasema marahaba, sasa naona nyuso. Mkuu wao alikuwa daktari wa meno, mtu wa tumbo, amevaa ngozi nyeusi iliyokuwa inalia kila akigeuka. Kando yake alisimama mwanamke wa jaketi jekundu, mwalimu wa hesabu. Hao wawili ndio waliokuwa na maneno. Wengine walikuwa na simu za kupiga picha.

Nikawaonyesha mahali baba alipochuchumaa na wenzake, karani wa shamba akipita anawabinya mikono kama mnunuzi wa mbuzi. Wakati nasema, ile treni mpya ya umeme ikapita kule juu kwenye njia yake, kimya, kama mtu aliyekuja kuiba. Nikawaambia treni zetu zilikuwa na mdomo. Reli ya zamani inapinda karibu na makaburi ya kambi, na kila dereva akifika pale kwenye kona alikuwa anapiga honi tatu. Sisi watoto tuliambiwa anawaamkia wale waliokuja kwa treni wakakosa treni ya kuwarudisha.

Mwalimu wa hesabu akageuka pembeni, akajifuta jicho.

"Na sisi tutapiga," daktari akasema.

"Tatu," nikamwambia. "Msizidishe."

Walifurahi, nami nikafurahi kwa kufurahisha watu. Mjukuu wangu akanivuta kando. "Bibi, nimpigie kwanza mwenyekiti wa kijiji? Siku hizi pale kuna watu."

"Wapo. Wamelala."

"Bibi, sitanii."

"Mke mwenzangu, utanifundisha makaburi ya mama yangu?"

Akaurudisha mkono wenye simu mfukoni. Hapo ndipo nilipoharibu.

Tulipita kwenye mashamba ya zamani. Mkonge umebaki mmojammoja, umesimama katikati ya mahindi ya watu kama mgeni aliyesahau kuondoka. Kwenye korona, jengo ambamo mashine ilikuwa inasaga majani mpaka zibaki nyuzi, paa limekwenda na ng'ombe wa wafugaji wanajikuna kwenye nguzo. Nikawaonyesha kamba za kuanikia zilipokuwa. Nikawaonyesha kidole changu kilichokatwa na mwiba wa mkonge nikiwa na miaka tisa. Daktari alikishika kidole kile akakigeuza kama jino bovu. Safari ilikuwa tamu. Nilimwona mjukuu wangu kwenye kioo cha pikipiki, anatabasamu peke yake.

Kisha tukafika kwenye kona.

Mahindi yalikuwa marefu pande zote mbili, huoni mbele hatua kumi. Nikanyanyua mkono, wakapiga. Pikipiki kumi na mbili, mara tatu. Ya daktari ilikuwa honi ya lori, sijui aliifunga ya nini. Kunguru waliruka wote. Na tulipotokeza kwenye uwazi, tukawakuta watu zaidi ya mia wamesimama, jeneza liko mabegani mwa wanaume sita na pembe moja imeshuka, mchungaji kashika kitabu, mdomo wazi. Hata aliyekuwa analia alisahau kilio.

Huku kwetu ukikutana na msiba unazima, unashuka, unasukuma kwa miguu mpaka upite. Hata lori la miwa linazima. Sisi tulikuwa tumepiga honi thelathini na sita.

Waliotushukia kwanza ni vijana. Gogo likavutwa njiani nyuma yetu, funguo zikachomolewa. "Watu wa mjini wanashangilia kifo chetu!" "Wachapwe!" Mwenyekiti wa kijiji akasema hakuna anayeondoka mpaka aje mtu wa kuwachukua. Daktari alikuwa anatiririka jasho ndani ya ngozi yake. Akamwambia mjukuu wangu, "Dada, ulisema unapajua. Wakituachia tu, tunageuza, tunarudi Morogoro. Safari imekwisha."

Imekwisha. Nililiona neno lile linavyomwingia.

Mjukuu wangu akavua helmeti, akaiweka chini, akaenda mbele ya watu wale wote, akapiga magoti kwenye vumbi. "Mimi ndiye kiongozi," akasema. "Kosa ni langu. Hawa ni wageni, hawajui."

Hakugeuka kunitazama. Angeweza kunyoosha kidole nyuma, akasema ni yule bibi pale, mkorofi, nilimwambia. Hakunyoosha. Nilijivuna na nikaona haya papo hapo.

Nikashuka. Nikamuuliza mama mmoja kando ya njia, "Mnamzika nani?"

"Bibi yetu wa kule juu. Msagara wa mlimani, aliolewa hapa."

Msagara! Kwa asiyejua: Mnyamwezi na Msagara ni watani. Babu zetu walipita huku kwa miguu na mizigo ya watu kichwani, wakalala kwa hawa, wakala kwa hawa, wakagombana na hawa, mwisho wakaona kuliko kupigana watukanane wacheke. Mtani anakutukana na huruhusiwi kukasirika. Na msibani mtani ndiye mwenye sauti, anamkejeli marehemu, anazuia kaburi, anawachekesha waliofiwa wapate kupumua. Ndivyo nilivyokuta wakubwa wanafanya. Lakini utani unakufa. Vijana wa leo ukiwaambia watani wanafikiri unasema mpira. Kama pale hakuna mzee anayekumbuka, mimi nitakuwa bibi kichaa anayetukana maiti, na viboko vitaanzia kwa mjukuu wangu.

Nikatoa kilemba kifuani, nikakifunga vizuri. Nikapita katikati ya watu mpaka kaburini, nikaketi ukingoni, miguu ndani ya shimo.

"Huyu hazikwi!" nikasema kwa sauti ya kambini. "Hazikwi leo! Shimo lenyewe fupi. Nyie Wasagara hata kaburi mnachimba kivivu. Na huyu marehemu nani kampa ruhusa ya kufa wakati wa kuvuna? Kaona mahindi yamekauka, kaona kazi inakuja, kajilaza! Tumetoka mbali na honi zetu kuja kumwamsha akavune, hataki kuamka. Mvivu mkubwa!"

Upepo ulikuwa unagonganisha majani ya mahindi. Kijana mmoja akainua fimbo, akauliza wenzake, "Huyu bibi mzima kweli?" Mchungaji akafunga kitabu, akatazama viatu vyake. Mjukuu wangu alikuwa bado kwenye magoti, mkono mdomoni.

Kisha nikasikia kikohozi. Mzee mmoja mwembamba, kaka wa marehemu, alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na udongo. Akauliza bila kuinua uso, "Nani huyo ananuka moshi wa treni?"

"Mnyamwezi wa kambini!"

"Nilijua. Baba zenu walikuja huku wamebeba mizigo kichwani. Leo naona mizigo ndiyo imewabeba ninyi, na bado inapiga kelele."

Bibi mmoja akaguna. Mwingine akacheka ndani ya kanga. Mzee akasimama na fimbo yake, akaja mpaka pale. "Toka nyumbani kwa dada yangu, mtani. Hayo matako yakiteleza humo, yeye atalala wapi?"

Hapo wakapasuka. Walianza wazee, vijana wakafuata bila kujua wanacheka nini, na binti wa marehemu aliyekuwa ameshikiliwa na wanawake wawili akacheka na kulia kwa pumzi moja, akakaa chini mwenyewe, akapumua. Mzee akageuka kwa vijana. "Rudisheni funguo. Hawa si wahuni. Ni watani, wamechelewa tu, tena hawajui kazi yao. Mtani hafukuzwi msibani. Anafanyishwa kazi."

Nao wakafanyishwa. Tulizika, na daktari wa meno alivua ngozi yake akashika koleo, vijana wakimpigia kelele, "Mtani, ng'oa hilo jiwe kama jino!" Mwalimu wa hesabu alibebeshwa ndoo ya maji, nusu ikamwagikia mgongoni, akina mama wakamwambia ajumlishe iliyobaki. Wale wa picha walikaa chini wakasugua masufuria kwa majivu mpaka viwiko vikawa vyeusi. Mjukuu wangu alikuwa anasomba madumu kwa pikipiki, anakwenda na kurudi, injini ameipooza isisikike.

Alipopita karibu yangu akasema kwa sauti ndogo, "Boma la Wajerumani hatujaona. Soko la zamani hatujaona. Ratiba yote imekufa, bibi."

"Nimeiua mimi," nikamwambia. "Ulitaka kupiga simu nikakuzuia. Nitawaambia wote."

"Nimeshajua. Shika dumu."

Nilipopata nafasi nikaenda upande wa chini, kwenye kaburi la mama. Nilitegemea kukuta pori, maana magoti yangu yalikuwa yamenizuia miaka mingi. Nikakuta mawe yake yote yamekaa kwa mstari na nyasi zimefyekwa. Makaburi yote ya watu wa kambi yamefyekwa. Mzee alikuwa amenifuata na fimbo yake. Nikamuuliza nani anafanya hivi.

"Huyo uliyemwita mvivu," akasema. "Kila mwaka kabla ya kuvuna. Alikuwa anasema hawa ni watani, hawana ndugu wa karibu, na wao wenyewe ni wavivu."

Sikupata tusi la kumjibu. Mimi, nikakosa tusi.

Tulipoaga jioni, mzee akatusimamisha. "Mtani hali ubwabwa wa msiba akapotea. Arobaini mnakuja. Safari ijayo mtasonga na ugali." Daktari akaitikia kwa kichwa, lakini kuitikia kwa kichwa mbele ya wafiwa si ahadi. Mjukuu wangu alilijua hilo, nami nilijua.

Jumapili tuliendesha kwenda Mikumi kwa njia inayopita kijiji cha Ulaya. Kabla ya kuondoka nilikuwa nimewaambia wote, honi zile ni zangu, binti alitaka kuuliza nikamfunga mdomo. Wakasema haya bibi, wakavaa helmeti. Daktari akakaa nyuma kabisa ya msafara. Mimi nilikuwa nimeshika kiuno cha mjukuu wangu, na mgongo wake ulikuwa mgumu kama ubao. Nilitamani kumwambia kitu. Nikamwambia tu, "Shimo hilo mbele," naye akasema, "Nimeliona."

Mwanangu alikuwa amekaa nje ya duka lake, barabarani, kama hakimu. Akaniamkia, akanisaidia kushuka, kisha akamtazama mpwa wake. "Enhe? Wanarudi?"

Mjukuu wangu alizima injini, akachomoa ufunguo, akausimamisha katikati ya vidole viwili.

Daktari wa meno akaja polepole, anatembea kama mtu aliyechapwa. Akafungua viganja. Vyote vilikuwa malengelenge. "Mzee," akamwambia mwanangu, "miaka yote hii nazunguka miji ya zamani, napiga picha za milango. Hakuna mlango uliowahi kunitukana. Jana nimetukanwa na kijiji kizima, wakanipa ubwabwa." Akamgeukia mjukuu wangu. "Dada, arobaini inaangukia lini?"

Mjukuu wangu akahesabu kwa vidole, midomo ikicheza. "Jumatano."

"Katikati ya wiki hatuwezi. Wanaweza kusogeza mpaka Jumamosi?"

"Marehemu hana haraka," nikadakia. "Kaka yake atatutukana, halafu atakubali."

Mwanangu bado alikuwa amenyoosha mkono. Ni mwanangu, lakini ni mgumu. "Hiyo ni mara moja. Baada ya arobaini?"

Mwalimu wa hesabu akatoa simu. "Wenzetu wa Dodoma wameona picha ya daktari na koleo. Tangu asubuhi wanauliza zamu yao lini. Tuna sharti moja tu. Kiongozi apige simu zake mwenyewe, na bibi asiguse ratiba."

"Hadithi je?" nikauliza.

"Hadithi zako, bibi. Honi zake yeye."

Nilikubali. Sikupenda, lakini nilikubali. Mwanangu akatazama ufunguo ule, akautazama uso wa mpwa wake, kisha akautia mkono wake mtupu mfukoni. "Mwenye mkaa nitamwambia atafute pikipiki nyingine," akasema, akaingia ndani kutuletea soda kama vile kuna mtu amemuudhi.

Jumatatu tulikwenda, mimi na mjukuu wangu tu, kupeleka ombi la Jumamosi. Alikuwa ameshampigia mwenyekiti mara mbili. Tulipokaribia kona ile, mahindi yale yale pande zote, akazima injini akashuka.

"Kuna msiba tena?" nikauliza.

"Hakuna."

"Hakuna hata mtu?"

"Wapo," akasema. "Wamelala."

Nikashuka nikashika kwa nyuma, tukasukuma. Ni nzito ile pikipiki, na magoti yangu yalinitukana njia nzima kuliko Msagara yeyote. Lakini hapakuwa na gunia la mkaa juu yake.